Nahodha Asiye na Miguu

12 Mei

Miezi kumi na minne, Pin-yun. Ukija ukalikuta daftari hili kwenye kigoda changu, anza kwa kuona aibu, halafu ndipo usome. Paka wa jirani alipotea akaenda mpaka Huwei, akarudi baada ya wiki tatu akichechemea. Wewe una miguu miwili mizima na nauli ya basi. Mwaka mpya ulinipigia simu huku unatafuna.

Usicheke mwandiko. Unajua sikwenda shule hata siku moja. Maandishi niliyo nayo nimeyachuma moja moja kwenye yale yanayopita chini ya picha za Jua la Tisa, mchezo wetu wa vikaragosi kwenye televisheni, miaka thelathini na minane, ndiyo maana naweza kuandika "mizinga ya mwanga" bila kukosea lakini "kabichi" hunishinda. Naandika kwa sababu kwenye simu unasema "Bibi, niko kazini" kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Daftari haliko kazini.

Mvua ndefu za mwezi wa tano zimeanza. Mji wetu wa Tuku wote umelowa. Karakanani rangi ya vichwa haikauki, na nywele za vikaragosi zinanuka kama mbwa. Nitaandika kila kitu, hata unachokijua, maana mtu akikaa sana Taipei huanza kusahau nani ni nani. Fundi Liao bado ndiye mwenye kundi, na sauti zote ni zake bado: majenerali, roboti, vikongwe, watoto, wanawake. Koo moja. Mwanawe Bo-rui anaandika hadithi. A-kiong, yule mwenye mkono kama paja la nguruwe, anamchezesha Nahodha Shuang. Mimi nawashonea wote nguo.

13 Mei

Mvua.

15 Mei

Leo nimekata uzi wa shingo ya Daktari Sui.

Sijui kama nilikueleza vizuri ulipokuwa mdogo. Mhusika akimaliza safari yake katika hadithi, mshonaji ndiye hukata uzi unaoshika kichwa na nguo. Kichwa kinafungwa kitambaa chekundu, kinawekwa sandukuni. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kukata, hata Fundi mwenyewe. Baba yake ndiye aliyeweka sheria hiyo. Nisipokata, hajatoka.

Daktari Sui amekufa kwa kumpa Jenerali Mo, shujaa wa hadithi yetu, damu yake yote. Mwezi wa tatu alikufa malkia wa watu wa kimondo, kwa wivu juu ya Jenerali Mo. Mwezi wa pili alikuwa mama wa roboti, aliyejizima mwenyewe ili Jenerali Mo apate umeme.

"Huyu Mo ni hatari kuliko ndui," nikamwambia A-kiong.

"Mama, mwanamke akimtazama mara mbili tu, mimi naanza kumhesabia siku," akasema, akatema popoo yake kwenye kikombe.

Tulicheka. Halafu nikafunga kile kichwa kwa kitambaa chekundu na kicheko kikaniishia. Kidevu cha Sui nilikipaka poda mimi mwenyewe miaka tisa. Katika miaka tisa hiyo hakuna mtu katika hadithi aliyewahi kumwuliza amekula nini.

19 Mei

Mvua. Ukungu umeota kwenye ndevu za mfalme wa Zebaki. Nimeufuta kwa pombe ya mchele. Anaonekana mwenye furaha.

22 Mei

Wametuita mezani kusomewa sehemu ya mwisho ya msimu. Bo-rui alisoma akiwa amesimama.

Merikebu ya angani inawaka moto. Nahodha Shuang anatembea hadi chumba cha mitambo, anajifungia ndani, anauzima moto kwa mwili wake. Jenerali Mo anapiga magoti nje ya mlango, analia, na katika kulia huko anapata nguvu mpya ya kuingia nayo msimu wa thelathini na tisa.

"Halafu?" akauliza A-kiong.

"Halafu nini, Kaka?"

"Yeye mle ndani anasema nini?"

"Anamwita Mo."

"Basi?"

"Mara tatu."

A-kiong alitazama mkono wake wa kulia kana kwamba umeambiwa una ugonjwa. Miaka ishirini na tisa mkono huo umekuwa ndani ya Shuang. Mkewe husema hata usingizini vidole vyake hunyanyuka na kuinama kama vya mwanamke anayesalimia.

Nikukumbushe maisha ya Shuang, ili siku nyingine mtu akikuambia ni hadithi tu, uwe na hesabu yako. Alikuja kama mchumba wa Mo, akafa. Akarudi hana kumbukumbu. Akawa kipofu, Mo akawa anamshika mkono. Akawa mbaya miezi sita kwa sababu ya wivu, nikamshonea nguo nyeusi. Mwaka wake wa kumi na nane wasichana wa shule walileta barua magunia mawili, Fundi akaona haya, akampa unahodha. Nikamshonea dhahabu mabegani. Tangu siku hiyo anaitwa Nahodha, na kila mtu humwamuru kama zamani, ila kwa adabu.

Baada ya kusomewa, Fundi aliniletea hariri nyeupe ya kushonea nguo ya kufia, imefungwa vizuri. "Ya Nahodha, Dada. Hii nzuri, si ile ya mara ya mwisho."

Sikusema kitu. Niliiweka juu ya kabati, karibu na dawa ya panya.

Na sasa nifike pale nisipopenda. Sikusema kitu leo, na sikusema kitu siku ile yako. Nakumbuka meza ile ile. Ulisoma hadithi yako, Mo ameumia na Shuang ndiye anayeamua. Anawaondoa watu mia nne kwenye sayari iliyopasuka, hakuna anayekufa, hakuna anayempenda mtu. Bo-rui alicheka. Fundi akauliza, "Sasa hapo nani atalia?" Wote wakacheka naye. Wewe ukanigeukia. Mimi nilikuwa na uzi mdomoni. Nikaukata kwa meno, nikatazama pindo. Asubuhi yake ukapanda basi.

Nilikuona. Nataka ujue kwamba nilikuona.

24 Mei

Mvua. Sikushona.

25 Mei

Mvua. Sikushona. Nimekula tambi za bata bakuli mbili.

27 Mei

Fundi alikuja mezani mbele ya wote akauliza, "Dada, nguo nyeupe iko wapi?"

"Juu ya kabati."

"Imekwisha?"

"Haijaanza."

Bo-rui akasema tunarekodi karibuni, Shangazi. Nikasema najua kusoma kalenda. Nikaenda rafuni, nikamchukua Shuang, nikamlaza mezani juu ya karatasi za Bo-rui, nikampindua, nikafunua pindo lake.

A-kiong aligeuza uso ukutani, kama mtu aliyelelewa.

"Bo-rui, mwanangu," nikasema, "umemwandikia miaka minane. Soma hapo. 'Nahodha anatembea hadi chumba cha mitambo.' Anatembea kwa nini?"

"Kwa... kwa miguu, Shangazi."

"Ipi?"

Akainama akatazama. Akainama zaidi. Pin-yun, yule kijana hakuwa akijua. Amezaliwa katika karakana hii, amecheza na vichwa hivi kama wenzake wanavyocheza na mpira, ameandika "anakimbia", "anapanda ngazi", "anapiga teke mlango", na hajawahi kutazama chini ya pindo. Hakuna kitu pale. Uwazi wa kuingia mkono tu. Vikaragosi vya kiume tunavishonea miguu iliyojazwa pamba, na buti, kwa kuwa wanapigana, wanapanda, wanakaa. Wanawake wanapewa sketi ndefu. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baba yake Fundi, wakati wanawake wa jukwaani walikuwa wawili tu, mke na mzuka, na wote wawili walikuwa wanateleza. Mimi niliyewashona nilijua miaka yote. Hakuna aliyeuliza, nami sikusema. Hilo nalo liandikwe.

"Ni nahodha miaka kumi na mmoja," nikasema. "Ni nani hapa amewahi kumwona amekaa kwenye kiti cha nahodha?"

Nilimwona Bo-rui akipitisha picha zote kichwani, msimu hadi msimu. "Anasimama kando," akasema polepole. "Mo ndiye anayekaa."

"Kwa kuwa huyu hana cha kukalia. Mkalisheni muone. Nguo italala kama shuka iliyoanguka kambani."

Fundi alikuwa amekunja mikono. "Dada, watazamaji hawatazami miguu."

"Basi kata ya Mo."

A-kiong alicheka mpaka popoo ikamtoka. Fundi hakucheka. Uso wake ulikuwa mwekundu kuanzia shingoni.

"Shona nguo nyeupe," akasema.

"Sishoni."

"Nitampa mtu mwingine."

"Mpe. Na uzi wa shingo atakata nani?"

Nilimfunga Shuang kwenye aproni yangu, nikachukua mwavuli, nikaja naye nyumbani. Yuko hapa, juu ya redio. Nimempa chai. Najua ni mbao.

Baba yangu alitaka mwana wa kiume. Nilipotoka mimi akaniita Bong-chi, kama walivyoitwa wasichana wengi wa siku zile, maana yake "tumlishe tu basi". Jina hilo liko kwenye kitambulisho changu na sijalibadilisha, ili kila karani anayelisoma aone haya kidogo kwa niaba ya baba. Kwa hiyo mtu akiandikwa na aliyetaka kuandika mwingine, mimi namtambua kwa kumtazama mara moja.

30 Mei

Mvua. Nimemshonea miguu. Pamba mpya, ngozi ya buti kutoka kwenye glavu za pikipiki za babu yako, ile nzuri ya kushoto na ile iliyoungua ya kulia. Mguu wa kushoto umetoka mnene kidogo. Kama wangu. Nimeuacha.

3 Juni

Mvua. Fundi ananinyamazia. Sokoni alinunua vitunguu kwenye meza ya pili ili asipite mbele yangu, na vitunguu vya pale vimeoza.

8 Juni

Nilikuwa nafunga bachang za sikukuu, mchele wa kunata, nyama, uyoga na karanga, nimezungukwa na majani ya mwanzi, Bo-rui akaja. Amelowa. Hakuwa na mwavuli, ana miaka thelathini na sita. Nikampa kitambaa, nikampa majani, nikamwambia afunge. Anafunga vibaya sana. Bachang zake zinafanana na watu waliovaa makoti wakikimbia.

Nilikuwa nimeshaamua kuwa yeye ndiye adui. Nilikuwa nimemwekea maneno.

"Shangazi, hujaniuliza kwa nini," akasema.

"Kwa nini?"

"Baba ndiye hunipa majina. Tangu mwaka mpya. Ananiandikia kwenye karatasi, 'huyu amalize kazi yake'. Mimi kazi yangu ni kutafuta namna ya kufa."

"Majina gani?"

Akayataja huku anakaza kamba. Mama wa roboti. Malkia wa kimondo. Daktari Sui. Shuang. Na kwa msimu ujao, yule bibi muuza betri na pacha wake.

"Hakuna mwanamume?"

Mikono yake ikasimama. Pin-yun, nakuapia, mpaka dakika ile hakuwa ameiona. Ni kama pindo lile lile.

"Ulimwuliza kwa nini?"

"Shangazi. Wewe unamjua baba."

"Na hadithi ya Pin-yun iko wapi?"

"Kwenye droo yangu," akasema. "Naisoma nikikwama."

Nilimpiga kofi la jani la mwanzi shavuni, si kwa nguvu. "Ulicheka."

"Baba alikuwa ananitazama."

Nikataka kumpiga tena, mkono ukakataa. Mimi nilikata uzi kwa meno kwa sababu ile ile. Nikamfungia bachang kumi aende nazo, zile nzuri, zangu, na zake mbaya nikabaki nazo.

9 Juni

Mvua. Usiniulize kitu. Nafikiri.

11 Juni

Leo ilikuwa siku ya Fundi kurekodi sauti za sehemu ya mwisho. Nilipika supu ya peasi na sukari ya mawe, nikaenda. Sikwenda kumbembeleza. Nilitaka kumwambia usoni kwamba sitakata uzi, wala wiki hii wala mwakani, na akitaka anizike na mkasi wangu.

Mlango wa chumba cha sauti ulikuwa wazi kidogo. Joto, feni imezimwa. Nikamsikia akisema maneno ya Mo, mazito, kama zamani, mpaka vioo vinatetemeka. Halafu akanyamaza, akakohoa, akanywa maji. Akaanza ya Shuang.

Haikutoka.

Akaanza tena. Unaikumbuka sauti ile, inayopanda taratibu kama mtu anayenyanyua kitu kisichomwagika. Ilifika katikati ikavunjika. Mara ya tatu ikatoka hewa tupu. Mara ya nne ikatoka sauti ya jogoo aliyekanyagwa. Akajaribu neno moja tu, "Mo", lile analopaswa kuliita mara tatu ndani ya moto. Hata hilo. Akakaa chini, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Nikasimama pale na sufuria yangu mpaka mikono ikaungua. Karatasi zote za majina zikajipanga zenyewe kichwani mwangu. Wanawake wote, mmoja mmoja, kuanzia wenye sauti ya juu kabisa.

Nikaingia. "Tangu lini?"

Hakugeuka. "Mafua tu, Dada."

"Mafua ya tangu mwaka mpya."

"Ndiyo."

"Daktari amesema nini?"

"Amesema nina miaka sitini na tisa."

Nikaweka sufuria mezani. "Kwa hiyo unawaua."

"Wanatoka kwenye hadithi."

"Unawaua kwa sababu hufiki tena walipo. Sui alikukosea nini? Yule malkia, na mapembe yake niliyoyapamba wiki nzima, alikukosea nini? Koo lako limekwisha kwa juu, basi wote wa juu wafe wakimpenda Mo."

Akageuka. Nilidhani atanifukuza. Macho yake yalikuwa ya mzee, Pin-yun. Nimemjua tangu ana nywele.

"Baba aliniachia neno moja," akasema. "Kundi moja, koo moja. Watu wakisikia makoo mawili watajua kwamba hivi ni vipande vya mbao."

"Watu wanajua ni mbao, Liao."

Sijawahi kumwita hivyo bila Fundi, miaka arobaini na mmoja. Alishtuka, nami nilishtuka.

"Wanajua," nikasema, "na wanakuja hivyo hivyo."

Mvua kwenye bati ilikuwa kubwa kiasi kwamba karibu nisisikie alipojibu. "Nikimpa mtu mwingine sauti ya Shuang, mwakani watataka mtu mwingine amseme Mo."

Hilo ndilo lililokuwa chini kabisa. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa mkono mmoja, na mkono huo ukammiminia supu.

"Nina mjukuu," nikasema.

"Najua una mjukuu."

"Alikuwa anakaa chini ya meza yangu akiiga sauti zako. Ya Shuang aliipata ana miaka saba. Ulidhani ni redio, ukaja kuizima."

"Aliondoka."

"Wewe ulimwondoa kwa kumcheka. Mimi nilimwondoa kwa kunyamaza. Tugawane nusu kwa nusu, tusipunjane."

Akanywa supu. Nilipofika mlangoni nikamwambia lile nililokuja nalo, kwamba sikati uzi. Akasema, "Nimesikia mara ya kwanza."

12 Juni

Mvua. Fundi amerudisha sufuria. Imeoshwa, hata chini.

15 Juni

Sauti za sehemu ya mwisho bado hazijarekodiwa, lakini watu wa kamera walikuwa wameshalipwa siku yao, basi Bo-rui akasema tufanye mazoezi ya mwendo bila sauti. Nikamrudisha Shuang. Nikamvalisha A-kiong mkononi mimi mwenyewe, nikamwonyesha kidole gani kiende mguu gani.

"Mama, ana uzito mwingine," akasema.

"Ana miguu."

"Naona. Ni kama nimebeba mtu."

Unalijua jukwaa la chumba cha usukani: kiti katikati, mlango wa mitambo kushoto. Jenerali Mo yuko mkononi mwa Fundi mwenyewe, kama siku zote. Wote wawili chini ya jukwaa, mikono juu. Mo amekaa kitini. Bo-rui akasema anzeni.

Shuang akatembea. Buti zake ziligonga mbao, tak, tak, tak. Miaka yote niliyofanya kazi pale sijawahi kusikia hatua ya mwanamke kwenye jukwaa lile. Yule binti anayeshika taa aliacha kutafuna.

Akafika katikati akasimama.

"Kaka," Bo-rui akaita, "mlango uko kushoto."

"Naujua mlango ulipo," ikasema sauti ya A-kiong kutoka chini.

Shuang akageuka kulia. Tak, tak. Akaenda mpaka mbele ya kiti, akasimama mbele ya Jenerali Mo, akatulia. A-kiong anajua kutuliza mkono mpaka ukaona kikaragosi kinapumua. Akangoja. Bo-rui akanyanyua karatasi aseme kitu, akaishusha. Mimi nilikuwa na sindano mkononi, sikuwa na uzi mdomoni safari hii, na nikasema kwa sauti ya kusikika hadi nje:

"Hicho ni kiti cha nahodha."

Tukasikia mvua. Nilihesabu mpaka ishirini na tatu, na hesabu zangu si za haraka.

Mo akainuka. Taratibu, kama mtu mwenye magoti mabovu, akasogea kando. Akasimama pale pale alipokuwa akisimama Shuang siku zote. Shuang akapanda, akageuka, akakaa. Nguo haikuanguka. Magoti yakakunjika mahali pake, buti zikaning'inia, ule mguu mnene ukavuka juu ya mwenzake.

Na kutoka chini ya jukwaa, kwa sauti nzito ya Mo, isiyoandikwa popote, Fundi akasema, "Nahodha."

Akamwinamisha Mo kichwa.

A-kiong alilia, tukamsikia wote, lakini mkono wake haukutikisika.

16 Juni

Mvua nyepesi. Bo-rui amepita dirishani kuniuliza "kujiuzulu kwa heshima" ni tofauti gani na "kupumzika", kwa ajili ya Jenerali Mo. Nikamwambia kupumzika kuna chakula.

19 Juni

Jua. Tumetoa vikaragosi vyote uani, mia na kumi, vimesimama kwenye mianzi kama watu wanaongoja basi. Nimefungua na sanduku. Vichwa vitatu vya mwaka huu nimevitoa kwenye vitambaa vyekundu nikaviweka juani na wenzao. Mtu akiniuliza, nimeona ukungu. Uzi ninao mwingi.

Hariri nyeupe nimeikata. Imetosha bitana ya koti la Shuang la msimu wa baridi, na kipande kilichobaki nimefutia miwani.

Saa nne asubuhi Fundi alikuja, akasimama upande wa pili wa kamba ya nguo. Alitazama vikaragosi, akatazama viatu vyake.

"Yule mjukuu wako," akasema.

"Ana jina."

"Pin-yun." Akakohoa. "Mwambie asinywe chai ya barafu siku tatu kabla. Inakaza koo."

"Kabla ya nini?"

"Dada, usinitese."

"Kabla ya nini, Fundi?"

"Ya tarehe ishirini na nane," akasema. "Tutarekodi ile ya kwake. Ile ya watu mia nne. Bo-rui amenisomea jana." Akageuka kuondoka, akarudi hatua moja. "Bado sioni nani atalia."

"Wewe," nikamwambia. "Subiri tu."

Nilipokwenda mchana karakanani, katika chumba cha sauti palikuwa na vipaza sauti viwili. Cha pili kimeshushwa kimo chako. Amekikisia vizuri, mzee yule. Kumbe naye alikuwa akikuona.

Kwa hiyo nimebadili nia. Daftari hili halitakungoja kwenye kigoda. A-kiong analipeleka posta kesho asubuhi, nimemwambia akilidondosha kwenye matope asirudi. Hajui kusoma maandishi yangu, na hata akijua, yeye ametoka vizuri humu.

Basi sikiliza. Njoo tarehe ishirini na saba, basi la asubuhi. Usilete keki za mananasi, meno yangu hayazitaki. Chai ya barafu umeshasikia. Ingia kwa mlango wa mbele wa karakana, si ule wa uani uliotokea siku ile. Usinisalimie mimi kwanza wala Fundi. Msalimie Nahodha, yuko kitini. Halafu nenda kwenye kipaza sauti cha pili. Nimekuwekea kigoda changu pale, kile chenye mto. Usiende kusimama pembeni ukingoja uambiwe. Kaa.